Kabla ya Muhuri wa Machinjio: Daktari wa Mifugo na Sera ya Punda

Utafiti uliotolewa mwaka 2019 na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya (KALRO) ulionyesha kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 punda zaidi ya 300,000 walichinjwa nchini humo, idadi iliyokaribia asilimia 15 ya punda wote waliokuwapo. Uchinjaji huo haukufanyika kwa siri, kwani ulifanyika katika machinjio yenye leseni, yakiwamo ya Mogotio katika Kaunti ya Baringo na ya Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, mbele ya wakaguzi wa nyama waliofuata sheria na kupiga mihuri yao ipasavyo. Ngozi zilisafirishwa hadi China, ambako huchemshwa ili kutoa ejiao, gundi inayotumika katika dawa za jadi na bidhaa za urembo.

Hapo ndipo swali la nafasi ya daktari wa mifugo katika utungaji wa sera linapoanza. Sheria ya udhibiti wa nyama iliandikwa kwa lengo jema la kumlinda mlaji, na kwa sababu hiyo inamtaka mkaguzi ajibu kama mnyama huyu ana ugonjwa na kama nyama yake inafaa kuliwa. Haimuulizi mnyama huyo ametoka wapi, amesafirishwa siku ngapi bila maji, wala kama punda watakaobaki wataweza kuziba pengo lake. Daktari anayesubiri mpaka mnyama afike mlangoni pa machinjio huwa amekubali swali lililokwisha kupunguzwa, na pale Kenya madhara yake yalikuwa makubwa. Utetezi wa ustawi wa wanyama, yaani hali njema ya mwili na akili ya mnyama aliye chini ya uangalizi wa binadamu, unapaswa kuanza wakati leseni bado inajadiliwa.

Silaha ya kwanza ya daktari katika mjadala huo ni elimu ya mwili wa mnyama, ambayo waziri, mbunge na mfanyabiashara hawana. Punda jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12, kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, na mara nyingi huwa ametimiza miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza. Hesabu ya watafiti wa KALRO ilionyesha kwamba kasi ya uchinjaji ilizidi kasi ya kuongezeka kwa punda kwa takriban mara 5, na wakaonya kuwa mwenendo huo ukiendelea, punda wangeweza kumalizika nchini kufikia mwaka 2023. Sensa nazo zilikuwa zikitoa ishara hiyo hiyo, kwani punda waliohesabiwa mwaka 2009 walikuwa karibu milioni 1.8, na kufikia mwaka 2019 walikuwa wamebaki takriban milioni 1.2. Biashara iliyodhaniwa kuwa ya ufugaji ilikuwa, kwa kweli, ya kukomba akiba.

Elimu hiyo inahusu mateso pia. Punda ni mnyama anayeficha maumivu. Husimama kimya akiwa na kidonda au mfupa uliovunjika, na watu wengi huichukulia hali hiyo kuwa ukaidi au ugumu wa ngozi. Anapokosa chakula kwa siku kadhaa, kama inavyotokea katika safari ndefu za malori na katika mazizi ya kusubiria kuchinjwa, mwili wake huyeyusha mafuta yake kwa wingi hadi damu na ini huelemewa, ugonjwa unaoweza kumuua hata baada ya kupewa majani. Mtu asiyejua jambo hili ataona punda aliyechoka. Daktari anaona mnyama anayekufa, na ni wajibu wake kuliandika analoliona kwa lugha ambayo mtunga sheria ataielewa.

Kipimo cha kuandikia kipo. Kutokana na ripoti ya kamati ya Uingereza iliyoongozwa na Roger Brambell mwaka 1965, wataalamu walikuja kukubaliana juu ya uhuru wa aina tano ambao mnyama anastahili: asiwe na njaa na kiu, asikose makazi yanayofaa, asiachwe na maumivu, majeraha na maradhi, asiishi kwa hofu, na aweze kufuata maumbile yake. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye makao yake Paris, limekwenda mbali zaidi, na tangu mwaka 2016 kanuni zake zina sura nzima inayohusu ustawi wa punda, farasi na nyumbu wa kazi. Kwa kawaida wanaoziwakilisha nchi wanachama katika shirika hilo ni wakuu wa huduma za mifugo, kwa hiyo viwango hivyo ni kauli ya taaluma yenyewe, wala daktari wa wilaya hana sababu ya kuviona kama vitu vya wageni.

Hata hivyo takwimu peke yake haziwi sera. Mwezi Februari 2020 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara, lakini mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo baada ya wenye machinjio kwenda mahakamani. Tukio hilo linafaa kufundishwa katika vyuo vya tiba ya mifugo pamoja na somo la upasuaji, kwa kuwa linaonyesha kwamba ushahidi mzuri ukipitishwa katika njia dhaifu ya kisheria unaweza kuangushwa, na kwamba chama cha madaktari kinahitaji mwanasheria kando yake tangu siku ya kwanza. Tanzania nayo ilisitisha uchinjaji huo kwa muda wa miaka 10 kuanzia mwishoni mwa 2021. Desemba 2022 wataalamu na viongozi wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam, chini ya ofisi ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia rasilimali za wanyama, wakapendekeza usitishaji wa miaka 15 kwa bara zima. Na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja huo waliokutana Addis Ababa wakaidhinisha kupigwa marufuku kwa uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Hoja ya wenye machinjio haistahili kupuuzwa. Waliajiri vijana, walileta fedha za kigeni, na walisema kwamba punda ni mali ya mtu na mwenye mali ana haki ya kuuza. Daktari mwaminifu hana budi kukiri hayo, kisha aweke kando yake gharama ambazo hazikuandikwa katika vitabu vya kampuni. Bei ya ngozi ilipopanda, wizi ulienea, na wafugaji waliamka wakakuta mizoga iliyochunwa vichakani. Mwanamke aliyetegemea punda kubeba maji na kuni alirudi kuvibeba kwa mgongo wake, na mara nyingi binti yake alimsaidia badala ya kwenda shule. Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale haviruhusu gari na zahanati ya punda imekuwapo tangu miaka ya 1980, hakuna anayehitaji kuelezwa thamani ya mnyama huyu. Penginepo methali inayosema kuwa fadhila ya punda ni mateke bado inampunguzia heshima, na dharau hiyo ni miongoni mwa sababu za sera kuchelewa.

Kwa nchi ambazo tayari zina sheria, kama Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008, kazi iliyobaki ni ya ngazi ya chini kabisa na ndiyo ngumu zaidi. Kibali cha kusafirisha mifugo kinapaswa kutaja idadi ya punda, mahali watokako na wanakokwenda, na nakala yake ihifadhiwe mahali ambapo wakaguzi wa mpakani wanaweza kuisoma. Vidonda vya shogi na lijamu vinavyotibiwa kila siku vihesabiwe badala ya kupakwa dawa na kusahauliwa, kwa sababu hesabu ya mwaka mzima inaweza kulishawishi baraza la halmashauri kuweka kikomo cha mzigo wa mkokoteni. Daktari aliyeajiriwa na serikali anaweza kuogopa kumpinga mwajiri wake hadharani, na hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana taarifa hizo zinapaswa kupitia chama cha taaluma, kikizitoa kwa jina lake na kuzifikisha kwa kamati za bunge kila mwaka, iwe kuna kashfa au hakuna.