Kebo ya Mtandao: Mambo ya Kuangalia Kabla Kamati Haijanunua

Ofisi nyingi za sharika, zahanati na shule katika Manispaa ya Morogoro na vijiji vya Uluguru sasa zina kompyuta zaidi ya moja. Mtunza hazina anaingiza mapato, katibu anachapa barua, na wote wanategemea printa moja na ruta moja. Kinachounganisha vifaa hivi ni kebo ya Etheneti, ambayo mafundi wengi huiita waya wa mtandao.

Inapofika wakati wa kununua, kamati hupokea nukuu tatu za bei zinazotofautiana sana, ingawa zote zimeandikwa “Cat 6, boksi moja”. Ni kawaida kuchagua ya chini. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, ili fedha iliyotokana na kabichi za Mgeta au ndizi za Kinole isipotee ukutani.

1. Daraja la kebo

Ndani ya kebo mna nyaya ndogo nane, zilizosokotwa mbilimbili kuwa jozi nne. Msokoto huo hupunguza mwingiliano kati ya jozi na jozi, pamoja na usumbufu utokao kwenye nyaya za umeme.

Cat 5e hubeba megabiti 1,000 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100. Cat 6 hubeba kiasi hicho hicho kwa umbali huo huo, na huweza kufikia megabiti 10,000 kwa umbali usiozidi takriban mita 55. Cat 6A hubeba megabiti 10,000 hadi mita 100. Cat 8 ilikusudiwa vyumba vikubwa vya kompyuta, na kasi yake kamili huishia mita 30.

Kwa ofisi ya usharika yenye kompyuta tatu au nne, Cat 5e iliyo bora inatosha. Intaneti inayonunuliwa na ofisi zetu nyingi haifikii hata nusu ya uwezo wake. Hata hivyo, kama jengo ni jipya na kebo itafukiwa ukutani, ni busara kuweka Cat 6, kwa kuwa gharama ya kubomoa na kupiga lipu upya ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Cat 8 haina kazi katika ofisi zetu, hata muuzaji akiisifu namna gani.

2. Shaba au alumini?

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Kebo inayofuata viwango ina nyaya za shaba tupu. Ipo nyingine ambayo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba juu, na huandikwa herufi CCA, au haiandikwi chochote. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba, na hukatika upesi inapokunjwa. Kebo hiyo huweza kufanya kazi vizuri siku ya makabidhiano, kisha ikaanza kusumbua fundi akiwa amekwisha kulipwa. Aidha, kamera au redio inayopata umeme kupitia kebo hiyo hiyo huweza kukosa nguvu ya kutosha, na kebo yenyewe kupata joto.

Kuitambua si vigumu. Kwangua waya mmoja kwa wembe: shaba tupu ni nyekundu hadi ndani, alumini hung’aa nyeupe. Kwa urefu ule ule, boksi la alumini pia ni jepesi zaidi. Mjumbe wa kamati afanye jaribio hili dukani, kabla ya malipo.

3. Mvua, jua na radi

Upande wa mashariki wa Uluguru, unaotazama Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi kuliko upande wa Mgeta. Kebo ya kawaida ya ndani haikutengenezwa kwa mazingira ya nje: jua hupasua ganda lake na maji huingia. Kwa nje inunuliwe kebo maalumu ya nje, ambayo mara nyingi huwa na ganda jeusi linalostahimili jua, na ipitishwe ndani ya bomba.

Radi ni hatari zaidi. Kebo ya shaba iliyotandikwa kutoka ofisini hadi nyumba ya mchungaji au zahanati huweza kuleta umeme wa radi hadi kwenye kompyuta za pande zote mbili, hata kama radi haikupiga jengo lenyewe. Kati ya jengo na jengo ni salama zaidi kutumia kebo ya nyuzi za kioo, ambayo data zake hupita kama mwanga, ilimradi isiwe na waya wa chuma ndani. Njia nyingine ni redio mbili zinazotazamana. Umbali ukizidi mita 100, kebo ya shaba haifai kwa vyovyote bila swichi katikati.

4. Ufungaji

Kebo nzuri huharibiwa na kazi mbaya. Isilazwe sambamba na nyaya za umeme katika bomba moja. Zikilazimika kupishana, zipishane kwa pembe mraba. Isikunjwe kwa nguvu wala kukazwa kwa misumari. Kila ncha ipewe namba, na fundi apime nyaya zote nane mbele ya wajumbe kabla ya malipo ya mwisho.

Yaandikwe kwenye maombi ya bei

Kamati iandike wazi: daraja la kebo, “shaba tupu”, ya ndani au ya nje, jumla ya mita, na kwamba mzigo utakaguliwa kabla ya kupokelewa. Boksi la kawaida lina mita 305, hivyo pimeni kwanza. Pengine ofisi ndogo inahitaji mita 60 tu, na sharika mbili jirani zinaweza kununua boksi moja kwa pamoja. Stakabadhi ya EFD na kipande cha kebo vihifadhiwe kwenye jalada la mradi.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba bajeti ikionyesha kebo ya bei ya juu kidogo, mwulize kamati sababu kabla ya kuipunguza. Kamati iliyofuata hatua hizi itakuwa na jibu, pamoja na kipande cha kebo cha kuwaonyesha.