Mtoto anataka hapsikodi, mfukoni kuna ada: Mzazi afanye nini?

Karatu. Mazoezi ya kwaya yalikuwa yamekwisha na waimbaji wameanza kutoka kanisani, lakini mvulana wa miaka 11 alibaki kwenye kinanda. Alikuwa akijaribu sauti moja baada ya nyingine: piano, ogani, filimbi, tarumbeta. Alipofika kwenye sauti moja kali, kama ya nyuzi nyingi zinazodonolewa kwa pamoja, akaganda hapo. Alirudi nyumbani na swali moja: "Mama, chombo chenye sauti hii kinauzwa wapi?"

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyempa jina: hapsikodi.

Mama yake, fundi cherehani mjini Karatu, aliomba jina lake lisitajwe ili mtoto asitaniwe shuleni. Mumewe ni mpishi kwenye kambi ya watalii upande wa Ngorongoro, kazi ambayo pesa yake hufuata msimu. Masika ikifika wageni hupungua, na nyumbani hesabu hubadilika. Wana watoto watatu wanaosoma.

Ananisimulia kuwa aliona tangazo la kinanda kwenye simu, bei ya kutupa, muuzaji akidai yuko Arusha. Alitakiwa atume Sh80,000 ya kushikia mzigo. Akatuma. Jioni ile ile namba ikawa haipatikani. Fedha hiyo ilikuwa ya sare ya binti yake mdogo.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba mvulana alisikia habari hiyo, na tangu siku hiyo hakuuliza tena kuhusu kinanda.

Hapsikodi ni nini hasa?

Kwa macho, hapsikodi inafanana na piano ndogo. Ndani ni chombo kingine kabisa. Piano hugonga nyuzi kwa nyundo ndogo. Hapsikodi hudonoa: kila kitufe kinapobonyezwa, kijiti cha mbao hunyanyuka kikiwa na kipande kidogo mfano wa ukucha, ambacho hudonoa uzi. Zamani kipande hicho kilichongwa kwenye unyoya wa ndege, siku hizi mara nyingi ni plastiki.

Kudonoa nyuzi si jambo geni kwetu. Aliyewahi kusikia kanuni kwenye taarabu ya Zanzibar anaijua ladha hiyo. Hata ilimba ya Wagogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliifikisha kwenye majukwaa ya dunia, inatoa sauti kwa vyuma vinavyodonolewa kwa vidole gumba.

Hapsikodi ilitawala muziki wa Ulaya wa kipindi kinachoitwa baroku, takriban mwaka 1600 hadi 1750. Muziki huo tunao hapa nyumbani. Kwaya inayoimba ile "Haleluya" kubwa wakati wa Pasaka inaimba kazi ya George Frideric Handel, iliyotungwa mwaka 1741 na kuimbwa hadharani mara ya kwanza Dublin mwaka 1742.

Ya mbao haifai kuhangaikia

Hapsikodi halisi hutengenezwa kwa mkono na mafundi wachache, na mpya yenye safu mbili za vitufe inaweza kugharimu kama gari. Juu ya bei kuna matunzo. Mbao na nyuzi zake huathirika upesi na mabadiliko ya unyevu, hivyo hulegea na kuhitaji kukazwa mara kwa mara. Hebu fikiria chombo hicho Karatu, kwenye vumbi jekundu la kiangazi, kisha baridi ya Julai, kisha ukungu unaoshuka kutoka kingo za kreta. Mwenye nyumba angeshinda anakaza nyuzi.

Habari njema ni kwamba kinanda cha kawaida cha umeme kinaweza kumfikisha mtoto mbali, na kwa muziki huu cha bei nafuu hakimpunguzii mengi.

Kwanza, idadi ya vitufe. Wauzaji husisitiza vitufe 88, kama piano kamili. Lakini mazoezi ambayo Johann Sebastian Bach aliyakamilisha mwaka 1723 kwa ajili ya wanafunzi, yale ya sauti mbili na tatu, yanaenea ndani ya oktava nne, sawa na vitufe 49. Kinanda cha vitufe 61 kinatosha na kubakiza.

Pili, nguvu ya vidole. Kwenye piano, ukibonyeza kwa nguvu sauti inakuwa kubwa. Kwenye hapsikodi sauti habadiliki sana hata ukibonyeza vipi. Kwa hiyo kinanda kisichotambua nguvu ya vidole, ambacho wengi hukidharau, kwa hapsikodi kinakaribia chombo chenyewe. Kama mtoto huenda akahamia piano baadaye na mfuko unaruhusu, chagua chenye uwezo huo, kisha uuzime anapopiga baroku.

Tatu, sauti yenyewe. Vinanda vingi hufuata orodha ya kimataifa ya sauti 128 iliyowekwa mwaka 1991, na humo hapsikodi ni namba 7. Watengenezaji wengine hupanga orodha yao kwa namba tofauti, hivyo iombe isikike kabla ya kulipa.

Kabla ya kutoa pesa

Kwa waliowahi kununua kinanda cha mtumba, kanuni ya kwanza ni moja: usitume hata shilingi kwa kitu ambacho hujakigusa. Kama huwezi kusafiri, tafuta ndugu au mwanakwaya aliyeko huko akuangalizie.

Ukifika, bonyeza kila kitufe, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, vyeupe na vyeusi. Sikiliza kilicho kimya, kinachonata na kinachopiga sauti kubwa kuliko wenzake. Ongeza na punguza sauti taratibu. Mkwaruzo ni dalili ya vumbi ndani. Hakikisha vitufe vina upana wa kawaida, kwa sababu vile vyembamba vya kuchezea humzoesha mtoto vibaya.

Angalia adapta. Volti zake na mpangilio wa chanya na hasi lazima vilingane na maandishi yaliyo nyuma ya kinanda; isiyofaa inaweza kukiunguza. Kwa maeneo ambako umeme hukatika, kinachokubali pia betri kina faida.

Ulizia kwenye kwaya na makanisa kabla ya dukani. Kwaya zikinunua kinanda kikubwa, kile cha zamani mara nyingi hubaki stoo. Na ukikipata, kifunike kwa kitambaa kila kinapopumzika.

Masikio na mgongo

Kama mwandishi wa afya, naomba mzazi asiishie kwenye bei. Kelele huharibu usikivu polepole, na seli za ndani ya sikio zikifa hazirudi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto asizidishe desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, wakati kwa mtu mzima ni desibeli 80. Nyumbani huna kipimo, lakini kuna njia rahisi: mtoto akiwa na hedifoni halafu asikusikie ukimwita kwa sauti ya kawaida ukiwa karibu naye, hiyo imezidi. Akilalamika masikio yanalia, apumzike. Hali ikiendelea, aonane na mhudumu wa afya.

Mkao nao una maana. Viwiko viwe karibu usawa wa vitufe, mabega yalegee, miguu ikanyage chini. Mtoto mfupi awekewe kreti au tofali chini ya miguu. Dakika 15 au 20 kila siku ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi. Vidole vikifa ganzi au kifundo cha mkono kikiuma, aache.

Na tusidanganyane kuhusu akili. Ile imani kwamba muziki wa kizungu wa zamani humfanya mtoto kuwa na akili nyingi ilivuma baada ya utafiti mdogo wa mwaka 1993. Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto, na matokeo yalidumu kwa dakika chache tu. Sababu ya kumnunulia mtoto kinanda ni kwamba anakipenda, na kwamba kila siku atajifunza kukaa na jambo gumu hadi lifunguke.

Anayetaka kufika mbali ana pa kwenda. Chuo Kikuu cha Makumira, kilichopo Usa River mkoani Arusha, hufundisha muziki, na Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA. Kwa kuanzia, mwalimu wa kwaya anayesoma noti anatosha.

Baba na daftari

Mwaka 1720 Bach alianza kumwandikia daftari la mazoezi mwanawe mkubwa, Wilhelm Friedemann, aliyekuwa na miaka tisa. Mazoezi mengi yanayopigwa leo duniani yalianzia kwenye daftari hilo, kazi ya mzazi aliyetaka mtoto wake ajue.

Yule mama wa Karatu hakuandika daftari. Alishona sare za kwaya mbili hadi usiku, akaweka akiba kidogo kidogo, kisha akamwomba mwalimu wa kwaya amsaidie kutafuta. Kikapatikana kinanda cha vitufe 61 kwa kwaya iliyokuwa inabadilisha vyombo: Sh230,000, kitufe kimoja kikinata. Fundi redio alikifungua, akakisafisha, kikakubali.

Nilipofika kwao, baba alikuwa nyumbani kwa likizo. Mvulana alinisalimia shikamoo, akakaa, miguu juu ya kreti la soda, akatafuta sauti yake. Alikosea mahali pamoja, akarudia kutoka mwanzo. Mara ya tatu akapita.

Baba yake, ambaye hakuwahi kusikia neno hapsikodi kabla ya mwaka huu, aliomba apige tena.