Kituo Kinachosikia Bila Kujibu

Mwaka 1984 Bob Bruninga, mhandisi na mwanaredio wa ridhaa wa Marekani, alitumia kompyuta ndogo ya VIC-20 kufuatilia farasi katika mbio za maili 100. Kutoka hapo ulikua mfumo wa redio wa APRS, ambao leo wengi wanaujua kwa alama zinazosogea kwenye ramani ya intaneti. Bruninga, aliyefanya kazi katika chuo cha maofisa wa Jeshi la Majini huko Annapolis na kufariki mwaka 2022, alisisitiza kwamba hakubuni chombo cha kufuatilia magari. Alitaka watu walio katika eneo moja wapashane habari papo hapo, kwenda na kurudi. Ramani imemshinda, na naona inatudanganya kidogo.

Redio iliyounganishwa na GPS hutuma jina lake la mwito na mahali ilipo kwa milio miwili, wa hezi 1200 na wa hezi 2200. Amerika Kaskazini hutumia megahezi 144.39, Ulaya 144.8. Taarifa hiyo, yaani pakiti, haisubiri jibu: inarushwa, na atakayeisikia ameisikia. Kituo cha mlimani huirudia ifike mbali. Kituo chenye intaneti huipeleka kwenye seva, na hilo ndilo lango. Malango kadhaa yakileta pakiti ileile, seva hubakiza ya kwanza kufika na kuzitupa nyingine. Kwa hiyo lango linaloonekana kwenye ramani ni lililowahi tu. Pengine si lililosikia vizuri zaidi.

Kufungua lango la kupokea tu ni rahisi mno. Kipokezi cha USB kilichotengenezwa kwa ajili ya televisheni, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, programu ya Direwolf na antena vinatosha. Hakuna mtambo wa kurusha wa kununua. Ndiyo maana malango ya namna hii yanaongezeka, nayo kweli huziba mapengo ya mijini na mabondeni.

Tatizo huja mtu anapotuma ujumbe badala ya taarifa ya mahali. Tuseme yuko bondeni na lango pekee linalomsikia ni la kupokea tu. Ujumbe wake unapanda hadi intaneti, rafiki yake anausoma, na programu ya rafiki inarudisha uthibitisho. Uthibitisho huo hauna pa kushukia. Redio ya bondeni, ikidhani ujumbe umepotea, inautuma tena na tena na kuyajaza masafa ambayo wote wanayatumia. Wakati huohuo alama yake inang'aa kwenye ramani, na jamaa zake nyumbani wanaamini anapatikana. Anaonekana, basi. Ukitaka kumwonya kwamba mto umefurika, ramani haikusaidii.

Lango la pande mbili linadai zaidi: leseni, mtambo wa kurusha, na mwenyewe makini, kwa sababu likipangwa vibaya litamwaga habari za dunia nzima kwenye masafa ya kijiji. Lililopangwa vizuri hurusha tu ujumbe unaokwenda kwa mtu liliyemsikia karibuni.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo kunyamaza ni adabu. Kituo cha Kimataifa cha Anga hurudia pakiti kwa megahezi 145.825, na kila kinapopita huonekana kwa dakika kama kumi. Kikiwa juu, nchi nyingi hukisikia kwa pamoja na watumaji hugombania nafasi. Hapo lango linalosikiliza tu linafanya kazi yote inayohitajika.