Ondoa Kutu Kwenye Plau Kabla ya Mvua

Mkulima wa Getanuwas, mvua za kwanza hazimngoji mtu. Itazame plau yako sasa, wakati ardhi bado ni kavu.

Bamba la plau linalogeuza udongo lapasa kuwa laini na kung'aa. Likiwa na kutu, udongo hulinata, hasa udongo mweusi wa mbuga. Magugu hayafukiwi vizuri, na maksai huvuta plau pamoja na mzigo wa udongo. Huchoka mapema na shamba hubaki nusu. Mahindi yaliyochelewa kupandwa huenda yakakosa mvua wakati wa kubeba.

Kutu hutoka wapi?

Chuma kikipata hewa na maji hushika kutu, na chumvi huiharakisha sana. Kwa hiyo usiweke plau pamoja na chumvi ya mifugo, iwe ya dukani au ya Ziwa Balangida.

Jinsi ya kuiondoa

1. Fungua bamba na ulimi wa plau. Nati ikigoma, itie mafuta ya taa, uiache usiku kucha, mbali na moto.

2. Osha udongo wote. Sugua kutu kwa brashi ya waya au kipande cha tofali, huku ukilowesha maji ili vumbi lisiruke.

3. Kutu ikibaki, tumia siki au maji mazito ya ukwaju. Bamba ni kubwa, haliingii katika karai. Basi lowesha matambara, ulifunike nayo, kisha funga nailoni juu yasikauke. Acha usiku mmoja.

4. Kesho yake sugua tena. Suuza kwa maji yaliyochanganywa na majivu ili kuua ukali wa siki, kisha kwa maji safi. Futa na uanike juani mara moja, kwani chuma kitupu kilicholowa hushika kutu siku ileile.

5. Kikikauka, paka grisi au mafuta ya ng'ombe yasiyotiwa chumvi. Paka na boliti pia.

Mambo ya kuepuka

Usichome ulimi wa plau motoni ili kuondoa kutu. Moto mkali hulegeza chuma kigumu, na ulimi utalika upesi. Usitumie maji ya betri. Huunguza ngozi na macho. Oili chafu ya gari pia haifai, kwa kuwa ina sumu inayodhuru ngozi na udongo.

Ukijikata, usidharau kidonda. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya ng'ombe, navyo hushikamana na plau. Osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda zahanati uulizie chanjo.

Kuitunza plau

Kila jioni ya kulima, kwangua udongo kwa kijiti na ufute bamba likauke. Msimu ukiisha, paka mafuta upya, uiweke plau chini ya paa, juu ya mawe au mbao, isiguse ardhi. Kazi hii ni ya dakika chache tu. Ukiifanya, mwakani utafunga maksai siku ardhi itakapolainika, wala hutahangaika na kutu wakati jirani yako anapanda.