Umepasuliwa goti? Usikimbilie uwanjani

Msomaji, huenda wewe au kijana wako alipasuliwa goti mwaka jana na sasa mnahesabu miezi kwa vidole. Haipiti wiki nyingi kabla ya mtu kuniuliza katika kliniki yangu hapa mjini Meru: "Daktari, nitarudi kucheza lini?" Aghalabu anayeuliza huwa na tarehe yake tayari. Anachotaka kwangu ni sahihi tu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitoa sahihi hiyo. Kijana wa miaka kumi na saba, winga wa timu ya shule, aliletwa na baba yake miezi sita baada ya kupasuliwa Nairobi. Goti halikuwa limevimba, lilikunjika na kunyooka vyema, na hakuwa na maumivu yoyote. "Daktari, huyu yuko sawa kabisa. Juzi amebeba gunia la viazi," mzee akaniambia. Michezo ya shule za sekondari ilikuwa imekaribia na kocha alikuwa akimngoja. Nikaandika barua. Wiki tatu baadaye aliletwa tena akiwa amebebwa na wenzake, goti limefura kama boga. Hakuguswa na mtu. Aligeuka tu kuufuata mpira. Kano ambalo familia iliuza ng'ombe wawili ili litengenezwe lilikuwa limekatika tena.

Kosa lilikuwa langu. Nilipima maumivu na kuhesabu miezi, nikasahau kulipima goti lenyewe.

Ndani ya goti mna makano mawili yanayopishana kama msalaba. La mbele, ambalo katika karatasi za hospitali utaliona likiandikwa ACL, huuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele na usijipinde kupita kiasi mchezaji anapogeuka ghafla. Mara nyingi hukatika bila mtu kukanyagwa wala kusukumwa: mchezaji anatua vibaya baada ya kuruka, au anabadilisha mwelekeo huku mguu umeng'ang'ania ardhini. Husikia mlio wa "pwa!" na goti huvimba katika saa chache. Wasichana huumia hivi zaidi ya wavulana katika michezo ile ile, na kocha wa mpira wa vikapu au wa mikono asiyelijua hilo analea hatari.

Daktari wa upasuaji halishoni kano lililokatika kama fundi anavyoshona suruali. Kwa kawaida huchukua kipande cha kano la misuli ya nyuma ya paja, au cha lile lililo chini ya kifuniko cha goti, akakipitisha ndani ya mifupa ili kishike mahali pa lile la zamani. Hapo ndipo penye mtego. Kipande hicho hakina damu yake mwanzoni. Katika miezi ya kwanza hudhoofika kabla ya kuanza kujengwa upya, na ujenzi huo huweza kuendelea kwa mwaka mzima na zaidi. Kwa hiyo mwezi wa tatu, mgonjwa anapotupa magongo na kushuka mteremko wa sokoni bila kuchechemea, kano lake jipya bado ni changa mno. Goti lisilouma si goti lililopona.

Utafiti wa madaktari wa Norway na Marekani uliochapishwa mwaka wa 2016 uliwafuata wagonjwa 106 kwa miaka miwili baada ya upasuaji wa aina hii. Kila mwezi mmoja ambao mchezaji alisubiri, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kasi ya kuumia tena kwa takriban nusu. Miongoni mwa waliorudia michezo ya kukimbia na kugeuka bila kutimiza vipimo, 38 katika kila mia waliumia goti tena. Waliotimiza vipimo kwanza, walioumia walikuwa karibu 6 katika mia. Soma tarakimu hizo mara mbili, kisha umsomee na kocha.

Mashabiki wa Liverpool wanamkumbuka Virgil van Dijk alivyoumizwa katika mechi dhidi ya Everton, Oktoba 17, 2020. Mtu huyo alikuwa na madaktari, mabwawa ya maji na mashine ambazo sisi huziona kwenye picha tu. Hata hivyo aliiacha michuano ya Ulaya iliyochezwa Juni 2021, ingawa alikuwa nahodha wa Uholanzi, na hakurudi uwanjani hadi Julai 29, tena katika mechi ya kirafiki. Miezi tisa na zaidi! Sasa kijana wa Nkubu au Runyenjes anayefanya mazoezi kwenye ngazi za nyumbani anatarajia kumtangulia kwa miezi mitatu.

Ni vipimo gani, basi? Kwanza goti lisivimbe, si siku ya kuja kliniki tu bali hata asubuhi ya baada ya mazoezi makali. Linyooke kikamilifu kama lenzake. Ukilala kifudifudi kitandani, miguu ikining'inia ukingoni kuanzia magotini, na kisigino cha mguu uliopasuliwa kikabaki kimeinuka kuliko kile kingine, bado una deni.

Pili ni nguvu ya msuli wa mbele ya paja, na hapa ndipo wengi huanguka. Msuli huo hunywea upesi baada ya upasuaji na kurudi kwa uvivu. Hospitali kubwa za ng'ambo huupima kwa mashine za bei ghali, lakini jimu nyingi za mjini zina kiti cha kunyooshea goti kwa vyuma. Mtaalamu wako wa fiziotherapia akikuruhusu, pima uzito ambao kila mguu unaweza kuuinua peke yake. Mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya ule mwingine. Ila jihadhari: ukikaa miezi mingi bila mazoezi, hata mguu mzima hudhoofika, na viwete wawili wakilingana haimaanishi wanaweza kukimbia.

Tatu ni kuruka kwa mguu mmoja. Usijaribu peke yako nyumbani. Mtaalamu hutandaza utepe wa fundi mwashi sakafuni, ukaruka mara moja, kisha mara tatu mfululizo, kisha kwa kuvuka mstari huku na huku, na mwishowe kwa saa katika mita sita. Ukiruka sentimita 160 kwa mguu mzima na 128 kwa ule mwingine, una asilimia 80, nawe hujafaulu, unahitaji 144. Mimi humwomba jamaa wa mgonjwa arekodi kwa simu, kwa kuwa umbali hudanganya. Nyonga na kifundo cha mguu hujua kulisaidia goti kwa siri. Anayefikisha sentimita zake huku goti likidondokea ndani wakati wa kutua bado yumo hatarini.

Najua gharama. Wengi wetu kutoka Meru na Embu hupasuliwa Nairobi, na fedha za harambee huishia kwenye kitanda cha hospitali. Nauli ya kwenda kufanyishwa mazoezi haibaki, na mgonjwa hudhani kazi imekwisha nyuzi zilipotolewa. La hasha! Hapo ndipo inapoanza. Si lazima urudi Nairobi kila wiki. Hospitali za rufaa za Meru na Embu zina idara za fiziotherapia. Nenda na barua ya daktari aliyekupasua. Ikiwa fedha zako ni chache, afadhali uwaulize mapema mazoezi yatagharimu kiasi gani kabla hujakubali kisu.

Viwanja vyetu navyo si vyote Kinoru. Wakati wa masika ni tope, kiangazi ni mashimo ya kwato za ng'ombe. Mchezo wa kwanza usiwe huko. Anza na mazoezi bila kugongana, kisha ya kugongana, kisha dakika ishirini za mechi. Na si wachezaji pekee ninaowaambia haya. Mvunaji wa muguka huko Mbeere husimama chini akachuma, lakini kijana wa Igembe anayeruka kutoka tawi la mraa hutua kama mlinda lango. Yeye pia hupaswa kupimwa, ingawa hakuna kocha anayemngoja.

Usiidharau hofu. Mchezaji anayekwenda kwenye mpira huku akiliwaza goti huchelewa, na anayechelewa huumia. Akikuambia "naogopa," usimcheke. Mwache afanye mazoezi zaidi.

Wiki iliyopita nilimpima msichana wa mpira wa mikono kutoka Embu, mwezi wa kumi tangu apasuliwe. Mguu mzima uliruka sentimita 150, ule mwingine 126. Mama yake alinitazama, kisha akamtazama binti. "Asilimia 84," nikasema, "tunataka 135 ya sentimita." Binti alilia kidogo. Kocha wake, aliyekuwa amekuja naye, aliniomba nimwandikie mazoezi ya mwezi mmoja zaidi kwenye karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni.