Msimwambie aache kwanza ndipo atibiwe

Wazazi wanaomleta kijana wao kliniki ya afya ya akili huwa na swali moja ulimini: je, bangi ndiyo iliyomharibu mtoto, au alianza kuumwa ndipo akakimbilia bangi? Baba ana jibu lake, mama ana lake, na shangazi aliyewasindikiza anaamini kijana amerogwa. Swali lenyewe ni la haki. Hatari yake ni pale linapogeuzwa sharti la kuanza tiba, kwa maana kijana mwenye uraibu na ugonjwa wa akili kwa pamoja anapaswa kutibiwa vyote viwili tangu siku ya kwanza.

Maradhi haya hukutana kwa vijana kwa sababu huanza umri uleule. Karibu theluthi moja ya magonjwa ya akili hujitokeza kabla ya miaka 14, na nusu hivi kabla ya miaka 18. Ndiyo miaka ambayo kijana huonjeshwa msokoto wa kwanza kijiweni. Ubongo wake nao haujakomaa: sehemu ya mbele, inayopima hatari na kuzuia pupa, huendelea kujengeka hadi karibu miaka 25, ilhali ile inayotafuta raha imeshachangamka tangu balehe.

Zipo njia tatu zinazowafikisha vijana kwenye maradhi yote mawili. Ya kwanza, ugonjwa hutangulia. Binti anayetetemeka na kukabwa na hofu kila akisimama mbele za watu anagundua kwamba pombe inamlegeza. Nafuu anayoipata ni ya kweli, na ndiyo inayomnasa, kwani pombe ikimtoka hofu humrudia kwa ukali zaidi.

Ya pili, kilevi hutangulia. Mwaka 1987 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 15 vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 kufikia umri wa miaka 18 walipata skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Tofauti hiyo ilipungua yalipozingatiwa matatizo waliyokuwa nayo awali, ila haikufutika. Wavutaji wengi hawapatwi na ugonjwa huo. Hatari huwaelemea zaidi walioanza wakiwa wadogo, wanaovuta kila siku, wanaotumia bangi kali kama skanka, na wenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua.

Ya tatu, yote mawili huchipuka kwenye mzizi mmoja: kurithi, kupigwa au kunajisiwa utotoni, kufiwa na wazazi mapema, kulala barazani mwa maduka.

Kuzitofautisha njia hizi kunahitaji karatasi na kalamu tu. Daktari anachora mstari wa maisha ya kijana, tangu utoto hadi leo. Juu ya mstari anaandika alichotumia na umri alioanza. Chini yake anaandika dalili: lini aliacha kulala, lini alianza kujifungia chumbani, lini alisema majirani wanamsengenya. Kisha anatafuta pengo, yaani miezi ambayo kijana hakutumia kitu: alipokuwa shule ya bweni, kijijini kwa babu, au mahabusu. Kama sauti alizokuwa akizisikia zilinyamaza ndani ya mwezi mmoja hivi wa kutovuta, kilevi ndicho mshukiwa mkuu. Kama ziliendelea, au zilikuwapo kabla ya msokoto wa kwanza, basi ugonjwa unasimama wenyewe. Hapa kumbukumbu ya mama ina thamani kuliko kipimo chochote cha damu.

Jibu hilo huweza kuchukua wiki kadhaa, na wiki hizo zisipite bure. Asiyelala kwa sababu ya sauti hawezi kuacha kitu pekee kinachomlaza. Aliyeacha unga, yaani heroini, huku sonona yake haijaguswa anaweza kurudi maskani, au kufikiria kujiua. Shirika la Afya Duniani linaonyesha kwamba mwaka 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani. Mnywaji wa kila siku naye asikatishwe pombe ghafla nyumbani, kwani anaweza kupata degedege na kufa. Na pale kijana anapoambiwa kwenye nyumba ya upataji nafuu (sober house) atupe vidonge vya hospitali kwa kuwa "dawa ni dawa", anapotoshwa: dawa za skizofrenia na za sonona hazilevyi wala hazimfanyi mtu teja.

Tanzania tunao mfano wa kuigwa wa kutibu vyote viwili mahali pamoja. Tangu Februari 2011, ilipofunguliwa kliniki ya methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, katika Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, mraibu wa heroini hufika dirishani na kunywa dozi yake mbele ya mhudumu, arosto, yaani mateso ya kukosa kilevi, ikatulia. Muuguzi anayemwona mtu huyo siku baada ya siku hutambua mapema aliyeanza kukonda, aliyeacha kuoga, anayezungumza peke yake. Kidonge cha sonona kinaweza kumezwa dirishani hapohapo. Dodoma, kliniki ya methadoni ya Itega iko chini ya Hospitali ya Mirembe, kwa hiyo wataalamu wa akili hawako mbali.

Lakini methadoni ni ya watumiaji wa heroini na jamii yake. Vijana wa bangi, pombe na mirungi hawana dirisha la kufika kila siku, na wao ndio wanaozungushwa: kliniki ya akili inawaambia waache kwanza, nyumba ya upataji nafuu inawaambia watulie akili kwanza.

Mzazi, ukiambiwa hivyo, usiondoke. Uliza nani atamtibu akili na nani atamtibu uraibu, kisha uliza watu hao wawili huzungumza lini kuhusu mwanao. Kituo kisicho na jibu la swali la pili kikupe rufaa ya maandishi kwenda kilicho nalo, na uanze safari wiki hiyohiyo.