Jiwe la Mizani Katika Utafiti wa Muhogo

Ukame huzidisha sayanidi katika muhogo. Mlo wa kila siku wa muhogo mchungu usioandaliwa vyema, bila protini ya kutosha, huweza kuleta konzo, yaani kupooza miguu kusikopona. Watafiti wanaotafuta aina salama zaidi hupima utendaji wa jeni zinazounda sumu hiyo kwa kuulinganisha na jeni rejea, iliyo mfano wa jiwe la mizani. Jeni ya aktini imezoeleka kwa kazi hiyo. Lakini ukame ukiibadili nayo, mizani hudanganya. Ndiyo maana jeni kadhaa hujaribiwa kwanza, kwa mbinu kama geNorm ya mwaka 2002, na zilizo thabiti huteuliwa. Nyumbani, kinga ingali ile ile: kumenya, kuloweka siku tatu au zaidi, kukausha, na kula pamoja na maharage au samaki.